Paneli hazikuwa zimezeeka kiasi hicho

Wenye sola za zamani zilizounganishwa na umeme wa gridi, hili linawahusu. Mfumo wetu hapa Moshi ulipungua nguvu ghafla. Saa sita mchana, jua kali, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) inaonyesha theluthi mbili tu ya tulichozoea. Kila niliyemuuliza alisema paneli zimezeeka, nunua mpya. Nilikataa. Paneli nzuri hupoteza takribani nusu asilimia kwa mwaka. Uzee hauli theluthi nzima kwa mkupuo.

Tukaziosha vumbi (asubuhi, kioo kikiwa bado baridi, maana maji ya baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua). Afadhali kidogo tu.

Fundi akapima volti za mistari yote mitatu ya paneli (kila mstari ni paneli zilizofuatanishwa kwa waya): sawasawa. Ningekuwa peke yangu ningeishia hapo. Yeye akasema, "Dada, subiri, tupime na ampea," yaani umeme unaopita kweli. Mistari miwili ilikuwa inasukuma umeme vizuri, wa tatu karibu sifuri! Volti huonekana nzima hata njia ikiwa mbovu, kwa sababu kipimo hakivuti umeme wa maana.

Akazima inveta na swichi ya paneli kabla ya kugusa chochote, kwani ukichomoa waya wa sola wakati umeme unapita inaruka cheche ya hatari. Konekta (kiungo cha waya) moja chini ya paneli ilikuwa imeyeyuka, pini ndani nyeusi tii, ina kutu ya kijani. Kumbe upande mmoja ulikuwa wa kampuni nyingine, haukukaza vizuri, ukawa unapata joto kali miaka yote hiyo.

Tumebadilisha pande zote mbili, za aina moja. Paneli ni zilezile.