Pengo la Adhana

Jumapili. Mvua imeanza tangu alfajiri na mitaa yote ya Ngamiani, hapa Tanga, inatiririka maji, kwa hiyo sikutoka. Nimeshinda nikihamishia kaseti za marehemu baba kwenye kompyuta. Nilianza na 52 baada ya Ramadhani, leo zimebaki 19.

Kaseti haiharakishwi. Ya dakika 60 inataka dakika 60, nusu saa kila upande. Redio kaseti imeunganishwa na kompyuta kwa waya, programu ya kurekodi ya Audacity inachora mawimbi ya sauti kwenye kioo, nami kazi yangu ni kuchunga tu sauti isizidi ikaanza kukwaruza. Umeme ukikatika, narudi mwanzo. Nahifadhi kwa FLAC, aina ya faili la sauti, kwa sababu haipotezi chochote: upande mmoja ukiwa ghafi unakula kama MB 300, kwa FLAC unashuka hadi karibu nusu. MP3 natengeneza baadaye, kwa ajili ya simu. Kila kitu nakiweka kwenye diski mbili, moja inalala kwa dada yangu Chumbageni. Mwaka juzi diski iliniharibikia nikiwa na nakala moja tu, na sitaki kuyapitia yale tena.

Yote hayo ni mepesi. Kinachonichosha ni majina.

Nyimbo nilizokusanya kwa miaka, fleshi kwa fleshi, zinapita elfu tatu. Nusu yake zinaitwa “Track 01”, au AUD-20190314-WA0007, kama WhatsApp inavyozibatiza. Ninazo, lakini mtu akiniomba wimbo siupati. Shakila, mwimbaji wa taarab, kwa mfano, alikuwa ameandikwa kwa namna tatu: Shakila, Bi Shakila, Shakila Saidi. Kwa kompyuta hao ni wanawake watatu wasiojuana. Tena kwa kuwa aliimba kwenye bendi za Black Star kisha Lucky Star, zote za hapa hapa Tanga, kila folda ilikuwa na kipande chake. Ilinichukua jioni nne kumrudisha awe mtu mmoja.

Halafu kuna lebo zenyewe, zile taarifa zinazokaa ndani ya faili la MP3. Lebo za ID3 za mwanzo zilikuwa baiti 128 tu mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lilipewa herufi 30, zaidi ya hapo linakatwa. Aina ya muziki ilikuwa ya kuchagua kwenye orodha ya aina 80. Nimeisoma orodha hiyo yote. Polka imo. Taarab haimo. Ndiyo maana faili za zamani nyingi ninazopokea zimeandikwa “Other”, na kila nikiliona neno hilo kwenye muziki wa mji huu roho inaniuma. Nalifuta naandika Taarab, moja baada ya moja. ID3 za siku hizi zinaruhusu uandike neno lako mwenyewe, na zina nafasi mbalimbali za mwimbaji, kundi, aliyetunga muziki na aliyeandika maneno. Nafasi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoigombania. Kwenye taarab mshairi mara nyingi si yule unayemsikia, na akishaachwa nje ya faili hakuna atakayemkumbuka.

Kaseti ya leo haikuwa na maandishi yoyote ila “Ijumaa jioni”, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa baba. Alikuwa anarekodi kutoka redioni. Katikati ya wimbo wa tatu ikasikika tak, kimya kidogo, tak, na wimbo ukaendelea kutoka mahali pengine kabisa. Nilidhani utepe umekatwa. Nikaifungua kaseti, nikauzungusha utepe kwa kalamu ya bik, nikautazama kwenye taa: mzima, una ukungu kidogo tu pembeni.

Mama mkubwa aliingia saa kumi, kanga imelowa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanyamaza kusikiliza.

“Hapo baba yako alizima,” akasema. “Magharibi hiyo. Adhana ikilia hakuruhusu redio iseme neno. Mwadhini akimaliza, anabonyeza tena.”

“Kwa hiyo ubeti umepotea?”

“Umepotea kwenye kanda, mwanangu. Mimi ninao.”

Akauimba wote, mistari minne, kwa sauti ya chini, mkono ukipiga mapigo kwenye paja. Mstari wa tatu alirudia mara mbili mpaka akaridhika na neno moja. Akanitajia na aliyeuandika, na mtaa aliokuwa akikaa.

Programu ya kusafisha sauti ingeweza kuifuta ile tak na kuunganisha pande mbili, msikilizaji asijue. Sikuigusa. Nikipata nakala kamili ya wimbo huu nitaiweka kando yake, si mahali pake. Kwenye sehemu ya maneno ya wimbo nimeandika beti zote, na ule wa mama mkubwa nikauweka kwenye mabano, na jina lake mbele. Kwenye aina nimeandika Taarab. Kwenye maelezo: “Pengo la adhana ya Magharibi, Ngamiani.”

Mvua haijakatika. Mama mkubwa ametandika kanga yake ikauke kwenye kiti, anaomba chai, na anauliza upande wa pili una nini.