Jemadari Aliyemshika Kijana Mkono

Somo: Matendo ya Mitume 23:11–24

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Yako maneno ambayo mkazi wa Dar es Salaam huambiwa akisema anaogopa njia ya kwao usiku. "Hapa ni mjini, ukiogopa rudi kijijini." Mengine yamevikwa joho la dini: "Mwenye Mungu haogopi vibaka." Mara nyingi msemaji ni mtu wa kufunguliwa geti na mlinzi. Ni nadra kuyasikia kwa mama lishe anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda sokoni, au kwa dada wa uwakala wa pesa anayefunga kibanda giza likiwa limeingia, huku mauzo ya siku nzima yakiwa kwenye mkoba.

Mwenye kubeza naye ana hoja, tusimnyime. Jioni ya Ijumaa, 2 Januari 2015, habari kwamba Panya Road, kundi la vijana wahalifu wa mapanga, wanakuja zilisambaa kwa simu mtaa hadi mtaa. Maduka yakafungwa, watu wakatimua mbio, wengi wao bila kumwona hata kijana mmoja mwenye panga. Kesho yake mji ukacheka. Uvumi ulikuwepo, ndiyo, lakini vijana wale pia walikuwepo. Septemba 2022 kundi lilivamia nyumba za watu kule Kawe, na mwanafunzi wa chuo akauawa. Waliokuwa wakisema "watoto tu hao" walikosa la kusema.

Sasa twende Yerusalemu. Watu zaidi ya 40 wamejifunga kwa kiapo kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wamuue Paulo. Mtoto wa dada yake Paulo anapata habari hizo, anakimbilia ngomeni, Warumi walikomshikilia Paulo, kumwambia mjomba wake. Tuangalie kwanza Paulo mwenyewe. Usiku uliotangulia Bwana alisimama karibu naye, akamwambia awe na moyo mkuu kwa kuwa atamshuhudia na Rumi pia. Ana ahadi mkononi, tena ya kuambiwa na Bwana mwenyewe! Angeweza kumrudisha kijana: "Mjomba, imani yako haba, mimi nafika Rumi." Hakumjibu hivyo. Alimwita akida, yaani ofisa wa askari, akamwomba ampeleke kijana kwa jemadari. Kwa Paulo, kuamini ahadi na kupeleka taarifa ngomeni havikugombana.

Kisha jemadari, Klaudio Lisia. Huyu ni Mrumi, si mtu wa sinagogi wala wa kanisa, na mbele yake yuko kijana ambaye hata jina lake hatukuandikiwa, aliyekuja na maneno ya kusikia. Andiko linasema alimshika mkono, akaenda naye kando, akamwuliza kwa faragha ana habari gani. Mimi mstari huo wa 19 hunisimamisha kila ninapousoma. Alimtoa mbele za watu, wasije wakamcheka au wakamjua. Halafu akamwagiza asimwambie mtu yeyote kwamba ameleta habari hizo. Anayeishi mtaa mmoja na wahalifu anaelewa uzito wa agizo hilo: wengi hunyamaza kwa sababu wakitoka kutoa taarifa, jioni wahusika wanajua nani kasema.

Akaandaa askari 200, wapanda farasi 70 na watu wa mikuki 200, waondoke saa tatu ya usiku kwenda Kaisaria. Kwa ajili ya mfungwa mmoja! Na hakutuma mtu kuwachinja wale 40. Nalitaja hili kwa sababu hofu iliyodharauliwa muda mrefu hutafuta njia yake, na katika miji yetu tumeona inakoishia: kelele za mwizi, tairi, petroli, na wakati mwingine aliyechomwa hakuwa mwizi. Ni mtoto wa mtu, pengine wa jumuiya yetu.

Basi wiki hii mtu akikuambia anaogopa, usianze kumhesabia miji iliyo mibaya kuliko wetu. Mwulize ni kona ipi, saa ngapi, taa ipi haiwaki. Kama ni uvumi, maswali hayo yataudhihirisha bila kumwaibisha. Kama ni kweli, mnayo ya kumpelekea mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kama anaogopa kwenda peke yake, mwende wawili. Viongozi wa kwaya, nanyi: mazoezi yanayomalizika saa tatu usiku yaanze mapema, au akina dada wasindikizwe mpaka mlangoni.

Tuombe. Bwana, uliyemtumia jemadari asiyekujua kumsikiliza kijana, utupe masikio. Uwalinde walio njiani usiku huu, na askari wa doria, na walinzi wa ulinzi shirikishi. Uwafikie pia vijana walioshika mapanga, kabla ya kufanya kisichorudishika. Amina.