Bibi ameniuliza habari za mpaka wa Konstanz

Nimerudi Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya, wiki ya tatu sasa, baada ya miaka 11 Konstanz. Juzi jioni bibi, aliyeozesha mabinti wawili ng'ambo ya pili, Taveta, akaniuliza: "Na huko ulikokuwa, mpaka wao ukoje?"

Nikamwambia, bibi, kule mpaka unapita mitaani. Konstanz ni Ujerumani, Kreuzlingen ni Uswisi, na nyumba zimefuatana kando ya ziwa Bodensee hata unavuka bila kujua. Wakati wa Vita vya Pili mji uliacha taa zikiwaka usiku, marubani wa ndege za mabomu wadhani ni Uswisi, nchi isiyokuwa vitani. Ndiyo maana majengo ya kale yapo hadi leo, likiwamo ghala la 1388 ambamo Papa Martin wa Tano alichaguliwa mwaka 1417, wakati wa mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa. Mtaguso huohuo ndio uliomhukumu mhubiri Jan Hus kwa uzushi, akachomwa moto 1415. Mimi nilikuwa keshia. Jumamosi Waswisi walijaa dukani kufuata bei nafuu, nami nikitoa fomu za kijani kutwa nzima. Wanagongewa mhuri forodhani, kisha wanarudishiwa kodi yao.

Bibi akauliza kama hakuna uzio. Ulikuwapo, tangu siku za Hitler. Kwenye ufuko ulikuja kung'olewa, na mwaka 2007 zikazinduliwa pale sanamu 22 za chuma, ndizo alama ya mpaka. Nilizipenda mno. Halafu Machi 2020, korona ilipoingia, uzio ukarudi. Watu wakawa wanashikana mikono kwenye matundu ya waya, basi serikali ikaongeza uzio wa pili, hatua mbili hivi kutoka ule wa kwanza. Nilimwona mzee mmoja kwenye kiti cha kukunja akimsomea mjukuu wake kitabu, kwa sauti kubwa ili imfikie. Alisoma mpaka mwisho. Nilirudi chumbani nikalia, kwa sababu nilimkumbuka bibi.

Hilo la kulia sikumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema binamu yangu amejifungua, asubuhi tumpelekee mtori.

Tumekwenda leo. Kituo cha pamoja cha mpakani, cha Tanzania na Kenya, kilizinduliwa 2016 nikiwa mbali, kwa hiyo sikujua dirisha lipi ni la nani, bibi ndiye aliyeniongoza. Afisa wa upande wa Kenya akamwamkia shikamoo, akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Mimi nimebeba chupa ya mtori, bado ya moto.