Pini Kisiginoni

Aliyeiona damu ni mwanangu wa mwisho. Nilikuwa nimerudi kutoka soko la Kibuye, hapa Kisumu, Jumamosi jioni, nikavua viatu mlangoni, nikaingia jikoni kuwasha jiko. Nyuma yangu, kwenye sakafu ya simiti, zikabaki alama nyekundu moja moja, kama za muhuri wa chifu.

"Mama, unamwaga nini?"

Nikamwambia ni rangi ya nguo. Mimi ni fundi cherehani, rangi za nguo hunifuata hadi nyumbani. Lakini mtoto alikuwa ameshapiga magoti. Akainua mguu wangu, tukaiona: pini ya fundi, ile yenye kichwa cha rangi, imezama yote kisiginoni kimebaki kichwa. Cherehani yangu ni ya kukanyaga na huwa naikanyaga pekupeku, ndivyo nilivyofunzwa. Kwa hiyo niliikanyagia kibandani, nikavaa viatu juu yake, nikatembea kutoka Kibuye mpaka Manyatta nikiwaza bei ya nyanya.

Damu nimeizoea, kidole cha fundi hakikosi tundu. Kilichonitoa jasho ni kwamba sikuwa nimesikia kitu.

Nina ugonjwa wa sukari tangu 2016. Miaka hiyo yote ungeniuliza kama najitunza, ningekujibu ndiyo bila kusita. Chai bila sukari, soda niliiaga, dawa nameza baada ya chakula. Mwarobaini nimekunywa, na sitaki kuuzungumzia. Kupima je? Vijiti vya ile mashine ni ghali, na mimi nilijiona naujua mwili wangu. Sukari ikipanda mdomo unakauka, ikishuka natetemeka. Kwenye benchi la kliniki karibu wote tunaongea hivyo: "Mimi yangu huwa naisikia."

Basi nikapeleka kisigino changu kliniki. Sista alipomaliza kukifunga akaniambia nilale, nifumbe macho. Akachukua uzi mgumu wa nailoni uliopachikwa kwenye kijiti, kama ule ambao wavuvi wa Dunga hufungia ndoana. "Nikikugusa, sema ndiyo." Nikangoja. Nikaona anachelewa kuanza, nikafumbua jicho moja. Uzi ulikuwa umeshajikunja kwenye dole gumba langu! Mtu aliyeshika uzi miaka 20, anaguswa na uzi asijue.

Akanieleza kwamba sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanza na ile mirefu inayofika vidoleni mwa miguu. Na mwili uliozoea sukari ya 12 mmol/L huacha kulalamika. Kumbe kile nilichokuwa nikikiita kuujua mwili wangu kilikuwa ni mwili kuchoka kuniambia.

Hapo nikalazimika kukiri na ujanja wangu mwingine. Siku tatu kabla ya kliniki nilikuwa nakula mboga tupu. Asubuhi napimwa, inatoka 6.4, nasifiwa mbele ya watu. Safari hii wakatoa damu ya kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), kikaja asilimia 10.2, wakati wengi wetu tunaambiwa tubaki chini ya 7. Sukari hujishika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku kama 120. Mboga zako za siku tatu haziwezi kuzidanganya.

Nilianza kupima saa mbili baada ya kula, si kila siku, mara mbili kwa wiki tu, kwa jinsi mfuko unavyoruhusu. Mashine ikanigombanisha na mama mkwe. Mimi ni Mmaragoli niliyeolewa kwa Wajaluo, na yeye ameniita nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli, tangu siku ya kwanza. "Nyar Maragoli, kula mwanangu, huu ugali ni wa wimbi na muhogo, hauna sukari." Nami nilikuwa nimeamini hivyo, nikila mlima mzima kwa dhamiri safi. Mashine ikasema 13.1. Muhogo ni wanga, wimbi nalo ni wanga, hata kama lina nyuzinyuzi kushinda unga mweupe wa dukani. Sasa nakata kipande cha ukubwa wa ngumi yangu (yangu, si ya mume wangu), sahani iliyobaki naijaza osuga (mnavu), omena (dagaa), na mrenda, ambao wao wanauita apoth na sisi tunajua ni wetu. Wiki ya kwanza mama alinuna. Kumwachia mtu ugali wake si jambo dogo.

Ndiye pia aliyeniletea karai la maji moto ya chumvi nikandie kidonda. Kwa upendo kabisa. Nikatia kiwiko kwanza, kama ninavyopima maji ya kuogeshea mtoto, na kiwiko kikaruka. Mguu usingeruka.

Kidonda cha pini moja kilichukua wiki saba kufunga. Siku hizi nakanyaga cherehani nikiwa na viatu vilivyofungwa, na mwanzoni mishono ilikuwa inakwenda kama mlevi. Kile kioo kidogo cha wateja narudi nacho nyumbani. Usiku nakiweka sakafuni, napitisha nyayo juu yake, mtoto anamulika na tochi ya simu. Tunatazama katikati ya vidole, tunapakausha, mafuta hapo hayapakwi. Viatu navikung'uta kabla ya kuvaa.

Jirani yangu anayetengeneza redio alinipa sumaku ya spika mbovu. Nikaifunga kamba, na jioni kabla ya kufunga kibanda naiburuta chini ya cherehani. Siku ya kwanza ilitoka na pini 11, mbili zimeshika kutu.