Kamba ya Bibi

Nilikuwa na miaka saba au minane siku bibi alipokata bembea yetu. Tulikuwa likizo Old Moshi, wajukuu tumejaa nyumba nzima, kaka yangu akapata kamba ya katani na kuifunga kwenye tawi la mparachichi nyuma ya zizi. Bibi alitoka jikoni na panga. Hakufoka wala hakuuliza nani kaifunga. Aliikata, akaiviringa mkononi, akarudi nayo ndani kuitia motoni. Hadi anafariki hakutuambia sababu, nasi tukakua tukijua kwamba kwa bibi kamba haifungwi mtini, kama vile kwa wengine mtu hapigi mluzi usiku.

Mwezi Machi nilikuwa na shughuli Moshi mjini, ikaisha mapema. Nikaona ni aibu kugeuza bila kumsalimia babu, mdogo wake bibi, aliyebaki peke yake kwenye kihamba, shamba la ukoo. Nikapanda daladala hadi Kiboriloni, na baada ya kuhangaika katikati ya marobota ya mitumba nikapata bodaboda. Kijana aliendesha taratibu, nashukuru. Ukishaanza kupanda, joto la mjini linabaki nyuma kama nguo uliyoivua. Migomba inafunga njia pande zote mbili, na kila baada ya kona unasikia maji ya mfongo, mfereji wa mashamba, yakienda mahali fulani usipopaona.

Wengi hawajui kwamba Moshi ya kwanza ni hii ya juu. Mji wa leo ulikua kule chini baada ya reli ya kutoka Tanga kufika, mwanzoni mwa miaka ya 1910, ukateremka na jina lenyewe. Wenye jina wakabandikwa neno la Kiingereza, Old, kana kwamba wao ndio waliochakaa.

Babu nilimkuta akichambua maharage uani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Heri lakini?"

"Heri tupu. Nimekuja kukusalimia tu."

Hakuniamini, maana siku hizi mtu hapandi mlima kwa salamu tu. Nilipomuuliza habari ya ile kamba alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akaweka ungo chini, akavaa gambuti na koti lake la sufu, akasema twende Tsuduni, kwenye mti wa Mangi Meli, chifu wetu wa zamani.

Mti ule nilikuwa nimeuwaza tangu zamani kuwa wa kutisha. Hautishi. Ni mti, una magamba, una sisimizi wanaopanda kwa mstari mmoja, na siku ile kuku wa mtu alikuwa akiparua chini yake. Babu alisimama hatua kama kumi kutoka pale na hakusogea zaidi. Mimi nilisogea, nikaweka kiganja kwenye gome, halafu nikajiona mjinga, nikakiondoa.

Hapo ndipo Mangi Meli aliponyongwa, tarehe 2 Machi 1900. Alikuwa mtoto wa Mangi Rindi, akashika utawala baba yake alipofariki mwaka 1891. Juni 1892 vijana wake walikipiga kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wao, Albrecht von Bülow. Gavana von Schele akaja mwenyewe na jeshi Agosti 1893, Moshi ikashindwa. Meli aliachwa hai, lakini chini ya macho ya boma. Miaka saba baadaye wakadai anapanga uasi, wakamtundika pamoja na viongozi wengine 18, akiwemo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Vitabuni hii huitwa historia ya upinzani. Nilikuwa naijua hivyo, kwa ajili ya mtihani.

Babu haisimulii hivyo. Kwake ni habari ya nyumba. Bibi mzaa mama yao alikuwa binti mdogo siku ile, na watu waliamriwa kuja kutazama. Wazee wanasema Meli alikaa kitanzini muda wa saa saba kabla ya roho kutoka.

"Saa saba," babu akarudia. "Wewe utoke hapa kwa miguu mpaka mjini, ununue chumvi, urudi, ukae uani upumzike. Bado mtu yuko juu. Na mama yako amekushika mkono, huwezi kuondoka."

Yule binti alipozeeka hakuweza kuona kamba ikining'inia, hata ya kuanikia nguo. Nguo zilitandazwa kwenye majani. Mama yake babu aliendeleza, bila kuambiwa kwa nini. Bibi naye akaendeleza. Nami, hapo hapo chini ya mti, nikakumbuka kwamba mwanangu aliponiomba bembea mwaka juzi nilimnunulia ya chuma, ya kusimika chini. Nilidhani nimechagua kwa sababu ya usalama.

Tuliporudi nilidhani maneno yameisha, kumbe yalikuwa hayajaanza. Babu alinipitisha nyuma ya nyumba, kwenye kichaka cha masale katikati ya migomba. Masale nayajua, kila Mchagga anayajua: ndiyo mpaka wa shamba, na jani lake ukimpelekea uliyemkosea hana budi kukusamehe. Lakini sikujua hili. Zamani, kabla dini haijakolea, marehemu alizikwa, na muda ukipita fuvu lake lilifukuliwa na kuhifadhiwa hapa, chini ya masale, kwenye chungu. Kichwa ndicho kilichorudi kukaa na watu wake. Babu aliinama, akasogeza majani kwa fimbo, akanionyesha kigae kimoja chenye mdomo uliopinda. Hakunikabidhi. Akakifunika tena.

Kichwa cha Meli hakikurudi. Ukoo wake na Old Moshi nzima wanasema kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu hawa hawachoki kukidai. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba wanatafuta heshima ya shujaa, au fidia. Kumbe mtu wao bado hajamaliza kuzikwa.

Na si hekaya. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni ya Prussia, Berlin, ilipokea mwaka 2011 mafuvu yapatayo 7,700 yaliyokusanywa enzi zile, na zaidi ya 1,100 kati yake yalitoka Afrika Mashariki. Mjukuu wa Meli, naye mzee tayari, alihangaika miongo mingi kukitafuta kichwa cha babu yake. Ndugu wa ukoo wakatoa mate kupimwa vinasaba. Majibu yalitangazwa Septemba 2023: katika mafuvu manane yaliyopimwa, matatu yalipata ndugu zake, na moja lililingana kabisa. Lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Mangi mwenyewe halikuonekana.

Nilimuuliza babu alijisikiaje. Akasema alifurahi kwa ajili ya watu wa Akida, kisha akasema kitu kwa Kichagga ambacho alikataa kunitafsiria.

Novemba 1 mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, ambako Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Maji Maji, akaomba radhi kwa waliyoyafanya wenzake. Babu aliisikia redioni.

"Alisema vizuri," akakiri. "Ana adabu. Lakini hapa kwetu, mtu anayeomba radhi ameshika kitu chako mkononi, huwa unatazama mkono kwanza."

Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya migomba. Alinilazimisha kubeba ndizi mshare, mkungu mzima. Tukaanza kubishana, nikashindwa, akautafutia kamba ya kuufunga nyuma ya bodaboda. Ilikuwa ya plastiki, ya manjano. Aliifunga mwenyewe, mafundo matatu, akayavuta kuyajaribu. Mvua ikatushika kabla ya Kiboriloni.

Usiku nikiwa nimelala gesti simu ikaita. Babu hapendi simu, hupiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya korongo.

"Umefika mzima?"

"Nimefika mzima, babu."

"Haya," akasema, akakata.