Usukani uliolalia kulia baada ya kubadilisha kingpini

Lori lilitoka gereji hapa Dodoma likiwa na kingpini mpya (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) na ncha mpya za tairodi, rodi inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Lilikwenda moja kwa moja vizuri, ila usukani umelalia kulia. Wengi hushauri usukani uchomolewe, uhamishwe meno kwenye shafti yake ili uonekane umenyooka. Nilikataa kabisa. Stelingi boksi, yaani sanduku la gia za usukani, hubana vizuri pale katikati yake tu. Ukihamisha usukani utauona umenyooka huku boksi iko pembeni, ina mchezo (imelegea), na upande mmoja lori linakata kona kidogo kuliko mwingine.

Tulinyanyua ekseli ya mbele, tukachomoa ile rodi inayotoka kwenye mkono wa boksi kwenda gurudumu la upande wa dereva. Nikazungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho nikihesabu mizunguko, kisha nikarudi nusu. Ukanyooka wenyewe! Basi boksi haikuwa na kosa, tatizo ni urefu wa rodi. Tukanyoosha magurudumu, tukairekebisha rodi mpaka ikaingia bila kulazimishwa, tukakaza klempu, tukarudisha pini za kufungia nati. Tairodi hatukuigusa, hiyo hupanga tairi mbili zinavyotazamana, na ikivurugwa zinalika haraka.

Nikalijaribu barabara ya Bahi, tambarare ile: usukani umetulia katikati.