Ninavyokamata memori kadi feki hapa Mwaloni

Kuna ushauri mmoja nimechoka kuusikia: "Kadi ikisumbua, ifomati tu." Nimeambiwa na mafundi simu wa mjini, nimeambiwa na watu wa video za YouTube, nimeambiwa hata na wauza kadi wenyewe. Kadi feki ukiifomati inarudi ileile, imesafishika vizuri, na ukiangalia ukubwa wake inakuandikia GB 512 bila wasiwasi. Hasara ya ushauri huo ilikuwa inaniangukia mimi, kwa sababu kazi yangu ni kuingiza nyimbo.

Nina steshenari ndogo Kirumba, jijini Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Natoa kopi na kupiga picha za paspoti, lakini kinachonilisha hasa ni nyimbo za kwenye flashi na memori kadi za sabufa. Wateja wangu wengi ni wavuvi wa dagaa na wachuuzi wa Ukerewe, Ukara, Kome na Sengerema. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikishika mitumbwi inapumzika na watu wanakuja mjini kufuata mahitaji. Siku hizo hapa hapatoshi. Huyu anataka kwaya, yule rumba za zamani, mwingine nyimbo za Kisukuma za harusini, vijana singeli na bongo fleva. Wanalipa, wanapanda boti, wanaondoka.

Mbalamwezi inayofuata walikuwa wanarudi na hasira. Nakumbuka mzee mmoja wa Ukara, mteja wangu wa siku nyingi, aliiweka kadi mezani hata kabla sijamaliza shikamoo.

"Mwanangu, umeniuzia majina ya nyimbo. Nyimbo zenyewe ziko wapi?"

Na kweli, nyimbo za mwanzo zilikuwa zinaimba. Zilizofuata jina lilionekana, ukubwa ulionekana, ukibonyeza sabufa inakaa kimya kisha inarukia nyingine. Ile kadi aliinunua kwa mtembezaji stendi, imeandikwa GB 128, kwa bei ya elfu nane hivi. Nikarudisha pesa yake. Wengine nao niliwarudishia, kwa sababu wao walimlipa mtu wa stendi mara moja tu, lakini mimi wananijua nilipo.

Kila niliyemuuliza aliniambia ni virusi. Kizazi chetu kiliumizwa na vile virusi vya shotikati vilivyogeuza kila folda kuwa mshale, kwa hiyo mpaka leo flashi ikikohoa tu watu wanakimbilia antivirusi. Mwingine akanishauri nisugue meno ya kadi kwa kifutio cha penseli. Mwingine akasema ninakili nyimbo polepole, eti kadi inalemewa. Nikaona bora nitafute mwenyewe.

Jaribio langu la kwanza nitalieleza kirefu, kwa sababu najua kuna mtu analifanya leo na anaamini limemaliza kazi. Nilichukua kadi kama ile ya mzee, nikaanza kuijaza nyimbo folda baada ya folda mpaka igote. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kama folda ya mwisho inaimba, basi nafasi yote ipo. Kazi ilikwenda usiku kucha, na umeme kwa bahati haukukatika. Alfajiri folda ya mwisho ikaingia, nikaifungua, nikabonyeza wimbo. Ukaimba vizuri kabisa. Nikabonyeza wa pili yake, ukaimba. Nikajua tatizo ni masabufa ya watu. Nikaichomoa kadi, nikaichomeka kwenye sabufa yangu ya dukani nifungue nayo siku. Kimya. Nikairudisha kwenye kompyuta ileile iliyokuwa inaimba muda mfupi uliopita. Kimya. Folda ipo, majina yapo, MB zimeandikwa, sauti hakuna.

Maelezo yake niliyapata baadaye, na yanafaa kujulikana na kila anayeshika kompyuta. Ulichotoka kunakili sasa hivi kinakuwa bado kiko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta yenyewe. Ukikifungua, kompyuta inakupa cha kwenye RAM kwa sababu ni haraka zaidi, haiendi kusoma kadi. Mimi nilikuwa nasikiliza RAM yangu. Kwa hiyo chochote unachotaka kukihakikisha kwenye kadi au flashi, chomoa kwanza, chomeka tena, ndipo ufungue. Hata picha za harusi zifanyie hivyo kabla hujazifuta kwenye kamera.

Sasa uongo wa kadi uko wapi? Ndani ya kila memori kadi kuna chipu inayotunza data, na kuna prosesa ndogo inayoongea na kompyuta. Ukubwa unaouona kwenye skrini ni maneno ya hiyo prosesa. Desemba 2013, kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Hamburg, Ujerumani, Andrew Huang na Sean Cross walionyesha hadharani kwamba prosesa za baadhi ya kadi zinaweza kuandikiwa programu upya. Walaghai wanaandika humo kwamba kadi ya GB 8 ni ya GB 128. Ni kama karani wa ghala anayepokea magunia ya dagaa mlango wa mbele, anayaandika yote kwenye daftari, halafu yaliyokosa nafasi anayatupa ziwani kwa mlango wa nyuma. Orodha kuu ya mafaili kwa kawaida hukaa mwanzoni mwa kadi, kwenye ile sehemu ya kweli, ndiyo maana majina ya nyimbo mara nyingi yanasalimika. Na ndiyo maana kufomati hakusaidii: unaandika daftari jipya, karani ni yuleyule.

Programu iliyonifungua macho ni H2testw. Ni ya bure, aliiandika Harald Bögeholz wa jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't, na huisakinishi, unaifungua tu. Inajaza kadi kwa mafaili ya GB 1 moja moja, 1.h2w, 2.h2w na kuendelea, kisha inayasoma yote upya na kulinganisha na ilichoandika. Mwisho inakutajia kiasi kilichosalimika na kiasi kilichopotea. Kadi ile ya GB 128 ilikutwa na GB 7 na ushee. Nilikaa naangalia ile namba kwa furaha ambayo siwezi kuificha: kumbe nyimbo zangu hazikuwa na kosa, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu.

Ila H2testw ni ya kungoja. Kadi ya daraja la 10 inaahidi kuandika angalau MB 10 kwa sekunde. Kwa mwendo huo GB 128 ni saa tatu na nusu za kuandika peke yake, kusoma bado. Iliyoandikwa TB 1, yaani GB 1,000, ingehitaji zaidi ya saa 27, na mteja ana boti ya Nansio mchana huohuo. Hapo ndipo nilipopenda ValiDrive, aliyoitoa Mmarekani Steve Gibson mwaka 2023. Hii haijazi kadi. Inagusa sehemu 576 zilizotawanywa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa kadi, kila sehemu inaandika, inasoma, inalinganisha. Kila sehemu ni kiboksi kimoja kwenye skrini: kilichotunza kinakuwa kijani, pasipo na hifadhi panakuwa pekundu. Kadi unaiweka kwenye kadi rida ya USB, na kwa kawaida dakika chache zinatosha. Yenyewe hujitahidi kurudisha data iliyokuwepo, lakini mimi huhamisha vitu vya mteja kwenye kompyuta kwanza. Sichezi na picha za watu.

Mzee wangu wa Ukara aliporudi nilimvutia kiti, nikamgeuzia skrini. Viboksi vikaanza kujaa juu kushoto: kijani, kijani, kijani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mstari wa kwanza ulipokaribia mwisho kikatokea chekundu, kikafuata kingine, halafu ikawa nyekundu tupu inashuka.

"Hivi vyekundu navyo nililipia?"

"Ulilipia mzee wangu. Ulichopewa ni hiki cha kijani hapa juu."

Aliomba nimwite mwanawe aliyekuwa nje na mizigo, naye aje aone. Sikulazimika kueleza prosesa wala RAM. Tangu siku hiyo kipimo nakifanya mbele ya macho ya mwenye kadi, hata kama foleni ni ndefu.

Tena kadi feki situpi, na hapa ndipo ninapojivunia. Ile GB 7 ya kweli inatumika. Naingia kwenye Disk Management, sehemu ya Windows ya kugawa diski, nafuta kila kitu kilichogawanywa kwenye kadi, natengeneza sehemu moja ya MB 7,000, chini kidogo ya kipimo halisi, naifomati hiyo tu. Nyimbo haziwezi tena kuvuka kwenda kwenye eneo la uongo. Wenye kompyuta za Linux wana programu ya F3 ya Michel Machado, inapima kwa f3probe na kurekebisha kwa f3fix. Nikimaliza naandika "7" mgongoni mwa kadi kwa maka peni, na namsisitiza mwenye nayo asikubali simu ikimwambia ifomatiwe, maana simu itaigawa upya kwa ukubwa wa uongo na tutakuwa tumerudi mwanzo. Chipu za humo mara nyingi ni za hovyo, kwa hiyo nyimbo sawa, lakini picha za mtoto au hati za kiwanja usiziweke humo.

Nimekutana pia na kadi nzima kabisa zilizosingiziwa. Kadi hupangwa mafaili kwa mifumo tofauti: sabufa nyingi za bei ya chini zinasoma mfumo wa FAT32 tu, wakati kadi za kuanzia GB 64 hutoka kiwandani na mfumo wa exFAT. Ukiichomeka, sabufa inasema haioni kitu, mtu anakimbia kumtukana aliyemuuzia. Windows kwenye dirisha lake la kawaida la kufomati imekuwa haitoi FAT32 zaidi ya GB 32, kwa hiyo mimi hutumia programu ya Rufus, inafanya. Wengine wanakuja juu kwamba kadi ya GB 64 inaonyesha 59 na hivyo wameibiwa tano. Hawajaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu 1,073,741,824. Gawanya bilioni 64 kwa hiyo namba, unapata 59.6. Kwa hesabu hiyohiyo GB 32 inaonyesha 29.8 na GB 128 inaonyesha 119. Nimeiandika kwa herufi kubwa ukutani, na ugomvi umepungua sana.

Mchezo huu si wa stendi zetu peke yake. Mwaka 2022 ilisambaa habari ya mtafiti wa usalama wa Marekani aliyenunua mtandaoni diski ya nje iliyoandikwa TB 30, kwa bei ya chini ya dola 40. Alipoifungua alikuta memori kadi mbili zimegandishwa kwa gundi juu ya kibao cha USB, zimeandikiwa programu zijitangaze kuwa TB 15 kila moja. Linganisha na kitu halali: kadi ndogo za kwanza za TB 1 zilitangazwa Barcelona Februari 2019, na ya SanDisk ilipangiwa dola 449.99, zaidi ya shilingi milioni moja kwa wakati ule. Bei zimeshuka sana tangu hapo, lakini hazijashuka mpaka elfu kumi na tano ya mtembezaji. Na angalia maandishi ya usoni mwa kadi: kadi za aina yenye alama ya SDXC mwisho wake ni TB 2. Nikiona SDXC na pembeni TB 4, hata kompyuta siwashi.

Watembezaji wenyewe wengi si wezi. Kijana mmoja anayechukua mzigo Makoroboi alikuja kunigombeza kwamba namharibia soko. Nikampimia kadi zake mbele yake, na nyekundu ilipoanza kushuka nilimwona anavyohesabu kichwani mtaji wake. Sasa akichukua boksi anapita kwangu kabla hajaanza kutembeza, zilizo feki anazirudisha kwa muuzaji wa jumla siku hiyohiyo, akichelewa hazipokelewi. Wateja wakiniuliza wanunue kwa nani nawaelekeza kwake.

Kupima natoza buku, kurekebisha tunaelewana, na ukiingiza nyimbo kwangu kipimo ni bure. Kadi ikiwa tupu tunakwenda haraka zaidi. Ya GB 128 na kuendelea inayohitaji H2testw nzima iache asubuhi mapema kama boti yako ni ya jioni. Ya TB 1 iache mpaka kesho kutwa.